Pua ya Trela ya Mama Lila

Mwezi uliopita nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, keki na hotuba tatu. Katika hotuba zote tatu mlivitaja vyeo vyangu mpaka nikaanza kujiuliza huyo anayesifiwa ni nani. Vyeo tuviachie mafaili. Mshahara nao ulikuja na ukaenda, kama wenu unavyokwenda. Lakini wakati wa chai dereva mmoja kijana aliniuliza jambo ambalo wasemaji hawakuligusa: "Mzee Zakaria, hii tabia yako ya kukagua pua ya trela kila tukisimama, ulifunzwa na nani?" Nilikuwa na keki mdomoni. Nikamjibu kwamba nilifunzwa na mama mmoja muuza sukari. Mkacheka, mkadhani ni utani wangu wa kawaida. Haukuwa utani, na kwa kuwa sasa nina wakati kuliko nilivyowahi kuwa nao, nitawaeleza.

Nilifika Thika mwanzoni mwa miaka ya hamsini kutoka kwetu Maragoli. Nilikuwa na leseni ya gari dogo, barua ya mchungaji, na imani iliyozidi ujuzi. Niseme ukweli tangu mwanzo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, Wakikuyu wengi walikuwa kizuizini au hawakuweza kwenda popote bila pasi, na kazi walizoziacha tulizipata sisi tuliotoka magharibi. Sikuiomba bahati hiyo, lakini niliila.

Niliambiwa kuna mjane Mhindi mwenye duka la jumla karibu na stesheni ya reli ambaye anatafuta dereva. Nilimkuta verandani, mama mwembamba wa miaka kama arobaini, sari nyeupe, funguo zimening'inia kiunoni. Nikamwita memsabu, kama tulivyozoea siku zile. Akanikata papo hapo.

"Memsabu iko kule kwa mashamba ya kahawa. Hapa niite Mama Lila kama watu yote."

Lila alikuwa binti yake wa pekee, wakati huo msichana wa shule mwenye nywele za msuko mmoja mrefu. Mumewe Mama Lila alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu, akaacha duka, gari la nyumbani la milango minne lenye rangi ya chai ya maziwa, na trela ya magurudumu mawili. Lori hawakuwa nalo. Kila bidhaa iliyokwenda kwa wateja wao, kuanzia vijiduka vya Juja mpaka Ruiru, ilikwenda juu ya trela hiyo, ikivutwa na gari ambalo lilitengenezwa kupeleka watu kwenye arusi na hekaluni.

"Umewahi kuvuta trela?" akaniuliza.

"Nimewahi kuvuta mkokoteni, Mama."

"Haya. Rudisha hii ndani ya uwanja."

Lango la uwanja lilikuwa pana kidogo tu kuliko trela. Niliingiza gia ya nyuma kwa kujiamini, nikakata usukani kulia, na trela ikaenda kushoto. Nikakata zaidi kulia ili kuirekebisha. Ikazidi kwenda kushoto, ikajikunja kama kisu cha kukunja, na kona yake ikagonga chungu kikubwa cha mrihani kilichokuwa ndani kabisa ya lango. Kikapasuka. Sikujua kwamba mrihani ule ndio Mama Lila aliouwekea taa na kuuombea kila asubuhi. Nilipoambiwa, nilitamani treni ya saa hiyo hiyo ya kunirudisha kwetu.

Mama Lila alichutama, akakusanya udongo kwa viganja vyake, akaufunika mzizi. "Mti haijakufa," akasema. "Sasa sikia. Weka mkono moja hapa chini kabisa ya usukani. Hapana juu. Chini. Unataka mkia ya trela iende wapi? Basi sukuma mkono huko huko. Na polepole. Gari ikienda polepole, kosa pia inakuja polepole, unaiona."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa kazini, na mpaka leo sijapata la kulizidi. Nyote nimewafundisha kuweka mkono chini ya usukani, na wengi wenu mlidhani nimelitoa kwenye kitabu. Nilijaribu mara nne, na mara ya tano trela ikaingia langoni bila kugusa kitu. Nikaandikwa kazi.

Kesho yake ndipo nilipoona kioja. Tulipomaliza kupakia, kabla ya kufunga trela kwenye gari, Mama Lila alileta ile mizani ya chuma ya kuning'iniza aliyopimia magunia ya sukari. Akaitundika kwenye boriti ya veranda, akaishika pua ya trela, yaani ile sehemu ya mbele inayoingia kwenye kiungo cha gari, na kuitundika kwenye ndoana ya mizani kama mtu anayepima mbuzi sokoni. Lila, akiwa na sare ya shule, akausoma mshale kwa sauti.

"Kidogo," akasema Mama Lila. "Sogeza sabuni mbele."

Nikasogeza sanduku moja la sabuni. Lila akasoma tena. Tukasogeza na misumari. Alipotosheka aliniambia kanuni yake: katika kila ratili kumi za trela na mzigo wake, ratili moja ikae kwenye pua. Ikizidi kidogo si neno, alimradi nyuma ya gari isichuchumae. Ikipungua, hatutoki. Mimi nilifikiri ni mambo ya Wahindi, kwamba huyu mama amezoea kupima hata asichouza.

Siku moja nilithubutu kumuuliza alikojifunza. Akacheka. Alizaliwa Gujarat, akasema, na baba yake alikuwa na mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe wawili. Kazi yake ya utoto ilikuwa kupanga magunia. Ukiweka mzigo mwingi mbele, nira inawachubua ng'ombe shingo. Ukiweka mwingi nyuma, mkokoteni unapanda juu kwa mbele, kamba ya shingoni inakaza, na ng'ombe wananyongwa wakiwa wamesimama. "Ng'ombe atakuambia," akasema. "Atatoa macho. Gari haiwezi toa macho. Gari inangoja mlima, halafu inakuua." Alikuja Kenya akiwa bibi arusi, na mumewe alipotengenezewa trela, yeye aliitazama mara moja tu akaona ni mkokoteni ule ule.

Aliyeiunda trela alikuwa Fundi Sohan, Kalasinga mwenye karakana nyuma ya kiwanda cha ngozi, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache. Yeye naye alimcheka Mama Lila mwanzoni, halafu akaenda kimya kimya kununua mizani yake. Sijamwona mtu mwingine mwenye elimu ambaye alibadilika haraka hivyo mbele ya mama wa duka, na namheshimu kwa hilo kuliko kwa uchomeleaji wake, ingawa uchomeleaji wake haukuwahi kuachia. Sohan ndiye aliyenifundisha kuipitisha minyororo miwili ya akiba ikiwa imepishana chini ya kiungo, wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, ili pini ikikatika pua iangukie juu ya minyororo, isichimbe lami. Ndiye aliyenionyesha kugusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono kila tukisimama: kikiwa vuguvugu endelea, kikikuchoma umeua beringi. Na kwa kuwa kioo cha gari hakikuona kilicho nyuma ya turubai, alichukua vioo viwili vya kujitazamia uso, akaviwekea mikono mirefu ya chuma kila upande. Watoto wa Ruiru waliliita gari letu "Masikio."

Nilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, mara mbili kwa wiki, Thika mpaka Ruiru na kurudi. Nilijifunza kuanza kupunguza mwendo mapema mpaka abiria anajiuliza kama nimeona kitu, kwa sababu trela haina haraka ya kusimama. Nilijifunza kuingiza gia ndogo juu ya mteremko na si katikati yake. Nilijifunza kwamba upepo wa tambarare ya Juja husukuma turubai kama mtu, na kwamba lori likikupita kwa kasi linakuvuta kwanza kisha linakusukuma. Kuna wakati tuliombwa kupeleka tangi la maji kwenye shamba moja la kahawa, na mwenyewe akataka lijazwe nusu ili liwe jepesi. Maji ya nusu tangi hutembea. Ukikata kona yanakwenda upande wa pili, ukisimama yanakuja mbele kukupiga mgongoni. Niliendesha maili tano nikiwa nimelowa jasho kuliko tangi lenyewe. Tokea siku hiyo Mama Lila aliwaambia wateja: lijae au liwe tupu, hakuna nusu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikiwadanganya.

Wote mnakijua kisa cha kondoo. Nimewasimulia mara nyingi, na mmekuwa mkinikumbusha hata mahali pa kucheka: jinsi nilivyokuwa nikielekea Nairobi na mizigo ya arusi, kondoo akahama nyuma ya trela, trela ikayumba, nikaokoa gari. Kisa hicho kina kondoo wa kweli na trela ya kweli. Dereva ndiye wa uongo. Kondoo alikuwa amefungwa vizuri kabisa, hakuhama hata kidogo. Na aliyeokoa gari si mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya hamsini. Lila alikuwa amemaliza masomo, amekuwa mwalimu, na sasa alikuwa anaolewa. Arusi ingefanyika Nairobi kwenye ukumbi wa jumuiya yao, maana jamaa zao wengi walikuwa huko. Tuliondoka Thika asubuhi, siku moja kabla ya arusi. Mama Lila alikaa mbele pamoja nami. Lila alikaa nyuma peke yake, mikono yote miwili imejaa hina mpya, ameinyoosha mapajani asiguse kitu. Kwenye trela mlikuwa na sanduku la chuma la sari, vyombo vya shaba, cherehani, unga na samli ya karamu, pamoja na magunia mawili ya sukari ya kuacha Juja, kwa sababu Mama Lila hakuona vipi trela ipite mlangoni kwa mteja bila kumpelekea kitu eti kwa kuwa mtoto anaolewa.

Tulipima pua verandani, na Lila akasoma mshale kwa mara ya mwisho. Ilikuwa sawa. Trela ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikaiweka mizani ndani ya gari, sakafuni upande wa Mama Lila.

Juja tulishusha yale magunia mawili. Yalikuwa mbele kabisa. Kanuni ilikuwa wazi: ukishusha, unapima tena. Nikajiambia nitapima kwa Mzee Njoroge, maana ilikuwa lazima tusimame kwake.

Mzee Njoroge alikuwa na kijiduka kati ya Juja na Ruiru. Alikuwa amekaa kizuizini miaka mitatu, na kwa miaka yote mitatu Mama Lila hakuacha kumpelekea mkewe bidhaa, hata wakati ambapo wenye maduka wengine waliogopa kuonekana wakisimama pale. Mimi mwenyewe niliogopa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Alipoachiliwa alilikuta duka lake limesimama. Sasa alisikia Lila anaolewa, na alikuwa ametungoja tangu alfajiri, amevaa koti.

Mnaijua desturi. Mkono mtupu haulambwi, na hakuna anayemwachia bibi arusi apite mkono mtupu. Walikuja majirani na maboga. Wakaja na mikungu ya ndizi, na gunia la viazi vitamu, na kikapu cha mayai ambacho Lila aliwekewa miguuni. Mlango wa trela uko nyuma, na zawadi huingilia mlangoni. Kila mtu alifika, akaweka chake pale mwisho, akabariki, akarudi pembeni. Kisha Mzee Njoroge akaja na kondoo dume mnono, mwenye mkia kama mto wa kulalia.

"Hii ni ya msichana yetu," akasema. "Wewe dereva, mfunge hapo nyuma vizuri, asiumie."

"Mzee," nikasema kwa sauti ya chini, "hawa watu hawali nyama."

"Atĩ nini? Kondoo si nyama. Kondoo ni heshima. Wakikula wasikule, hiyo ni yao."

Nikamfunga kondoo pale pale alipoonyesha, nyuma kabisa, kamba fupi kila upande.

Nilipozunguka kurudi kwenye usukani niliona nyuma ya gari imeinuka. Niliona kwa macho yangu, mchana kweupe. Pua ya trela ilikuwa inalivuta gari juu, na ile kamba ya ng'ombe wa Gujarat ilikuwa imekaza. Nilijua kilichotakiwa: kutoa kila kitu, kupeleka viazi na maboga na yule kondoo mbele ya ekseli, na kupima. Lakini Mzee Njoroge alikuwa amesimama pale, na majirani nyuma yake, wote wakitabasamu, na kwetu kuhamisha zawadi ya mtu mbele ya uso wake ni kama kumwambia haikufaa. Nikaona haya. Heshima si utumwa, lakini yangu siku ile ilikuwa utumwa mtupu.

Mama Lila hakuwa ameshuka garini. Alikuwa analia, kwa sababu Mzee Njoroge alikuwa ameingiza mkono dirishani na kumshika mkono. Akageuka kwangu huku akijifuta na pindo la sari.

"Zakaria, umepima?"

"Nimepima, Mama."

Tukaondoka.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa maili chache, mpaka mteremko wa kwenda mto Ruiru. Juu ya mteremko niliingiza gia ndogo, na hilo ndilo jambo pekee la kujivunia katika kisa hiki. Tulianza kushuka. Lori la mawe likapanda kwa upande wa pili na kutupita kwa kishindo, na nikahisi gari limekuwa jepesi, kana kwamba mtu ameyainua magurudumu yetu ya nyuma kidogo na kuyaweka mahali pengine. Nikatazama kioo cha kulia nikaiona trela. Nikatazama cha kushoto nikaiona trela. Ilikuwa inatikisa mkia, na kila ikitikisa inatuburuta upande wa pili zaidi ya mara ya kwanza. Chini kabisa niliona daraja, na kingo zake.

Nikakata usukani kupingana nayo, na ikazidi. Nikauinua mguu kwenda kwenye breki.

"Hapana!" Mama Lila hakupiga kelele. Alisema kama anavyosema dukani mtu akishika mzani vibaya. "Toa mguu. Breki wacha. Hata mafuta wacha. Mikono sawa, Zakaria. Shika sawa tu. Hapana fuata yeye. Wacha achoke mwenyewe."

"Mama—" Lila akaita kutoka nyuma.

"Kaa kati, mtoto. Kaa kati kabisa."

Mguu wangu ulikuwa hewani. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka breki. Nawaambia nyinyi vijana, na hili ndilo ninalotaka mlishike hata mkisahau yote mengine: trela ikianza kucheza, breki ya nguvu ndiyo kaburi. Nilimtii mama wa duka dhidi ya mguu wangu mwenyewe. Nikashika usukani umenyooka, nikaiacha gia ndogo itushike. Trela ikatupiga kulia. Ikatupiga kushoto, na gurudumu letu la nyuma likala majani. Ikatupiga tena kulia, kidogo kuliko ile ya kwanza. Halafu kidogo zaidi. Halafu ikachoka, kama alivyosema, na ndipo nilipogusa breki kwa ncha ya kidole, nikalitoa gari pembeni kwenye nyasi. Daraja lilikuwa hatua kama thelathini mbele.

Nyuma kondoo akalia mara moja.

Nilishuka, nikaweka mawe chini ya magurudumu ya trela. Nilipovuta pini, pua iliruka juu yenyewe mpaka kifuani kwangu, na mkia wa trela ukagonga chini. Maboga yakatoka yakibingirika kuelekea mtoni. Hapakuwa na haja ya mizani kusema lolote. Mama Lila alitazama ile pua iliyosimama hewani, akanitazama mimi. Kisha akarudi kwenye mlango wake, akainama, na kuitoa mizani chini, pale miguu yake ilipokuwa imekaa tangu Thika.

Ndipo nilipokumbuka nilikokuwa nimeiweka. Aliinuka nayo mkononi, na nikajua kwamba anajua. Nilikuwa nimemwambia nimepima, na kitu cha kupimia kilikuwa chini ya viatu vyake. Nikangoja aseme. Niliona kazi yangu imekwisha, na nikaona ni haki. Kilichonitisha hakikuwa kazi. Ilikuwa ni Lila, aliyekuwa ameshuka na kusimama majanini, kikapu cha mayai kikining'inia kiwikoni, hakuna hata yai moja lililovunjika, na daraja liko nyuma yake. Miaka yote ile alinisomea mshale. Nilikuwa karibu kumuua kwa sababu niliona haya kuhamisha boga.

"Tupange," akasema Mama Lila.

Hilo tu. Tulishusha kila kitu. Viazi vikaenda mbele, na cherehani, na maboga tuliyoyapata. Kondoo alifungwa mbele ya ekseli, akanitazama kwa dharau. Hapakuwa na boriti ya kutundikia mizani, kwa hiyo tulikata mti mrefu, tukautia katikati ya pete ya mizani, na ilibidi watu wawili waubebe begani. Lila akauchukua mwisho mmoja kabla sijamzuia. Akauinua begani kwa mikono ile ya hina, mimi upande wa pili, pua ya trela ikaning'inia kati yetu, na mama yake akausoma mshale.

"Bado. Vyombo ya shaba mbele." Tukahamisha. Tukainua tena. "Sasa sawa."

Hina ya Lila iliharibika kiganja kimoja. Nairobi shangazi zake walipiga kelele kuhusu hina hiyo kuliko ambavyo wangepiga kama wangejua mengine. Mjomba wake akauliza kwa nini tumechelewa.

"Tulipumzika mtoni," Mama Lila akamjibu. "Kondoo alikuwa na kiu."

Wakamtazama kondoo, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka swali lingine.

Arusi ilikuwa nzuri. Nilikula vitu vitamu ambavyo sikujua majina yake. Siku mbili Mama Lila alinisemesha kama kawaida: leta maji, sogeza gari, umekula? Hakunitajia mto wala mizani. Heri angenitukana. Kimya chake kilikuwa kizito kuliko gunia lolote nililompakilia, na nilikuwa simwogopi. Nilikuwa nampenda kama mtu anavyompenda aliyemfundisha kazi, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Tulirudi Thika siku ya tatu, alasiri, sisi wawili tu. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Trela nayo ilikuwa karibu tupu, ila kondoo, maana watu wale kweli hawakula nyama. Nilikuwa nimemfunga mbele ya ekseli na nimepima. Tulipita Githurai. Tukapita mji wa Ruiru. Tukashuka mpaka kwenye daraja, tukalivuka, na tulipokuwa tunapanda upande wa pili, mahali ambapo majani yalikuwa bado yamelala kwa alama za magurudumu yetu, nikasema.

"Mama, kwa Mzee Njoroge sikupima."

"Najua."

"Nilikudanganya."

"Najua, Zakaria. Mizani ilikuwa chini ya miguu yangu."

Nikaendesha kidogo. "Mbona hukusema?"

Alikuwa anatazama mashamba ya kahawa upande wake. "Mimi nikisema pale, Lila ataogopa wewe maisha yake yote. Na wewe utaogopa mimi. Sitaki dereva ya kuogopa mimi. Nikangoja useme mwenyewe."

"Na kama ningefika Thika bila kusema?"

"Basi kesho ningetafuta dereva ingine," akasema, bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Alijifunika kichwa kwa pindo la sari, akaegemea dirisha. Alikuwa amemwoza mtoto wake wa pekee, alikuwa hajafumba macho siku tatu. Kabla hatujafika Juja alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kichwa kikigonga kioo kila tulipopita shimo, na mimi nikapunguza mwendo ili kisigonge.